Nyumba Isiyotoa Moshi

Mgeni alibisha hodi Jumatano asubuhi, saa ambayo Bibi Daftari hakuwa akimtarajia yeyote isipokuwa vumbi. Mgodi ulikuwa umefungwa miaka kumi na tisa, lakini vumbi la makaa ya mawe lilikuwa bado linamtembelea kila siku bila hodi, linatoka kwenye nyufa za kuta na mikunjo ya mapazia, linalala juu ya vyombo kama mwenye nyumba. Bibi alikuwa amepiga magoti mlangoni, anasugua kizingiti kwa brashi. Aliponyanyua uso aliona kwanza viatu vizito vya kazi, kisha suruali yenye vitundu vya cheche, kisha mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amekumbatia kipande kirefu cha bomba la plastiki kama mtu anayebembeleza mtoto.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kama ni habari ya maji, fundi, umekosea nyumba. Mabomba yangu hayavuji."

Mgeni akacheka. "Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Maji siyawezi. Humu ndani mna ramani, na wewe nimeambiwa ndiye unayeisoma bila miwani."

Siku hizo neno ramani lilikuwa midomoni mwa watu wote wa mlimani. Ofisi ya zamani ya mgodi ilikuwa imegeuzwa ukumbi wa kumbukumbu, na katika droo moja iliyokwama walikuta ramani ya miaka sitini na moja iliyopita, ya enzi ambazo mgodi ulikuwa unanguruma usiku na mchana. Wakainakili, wakaikuza ikajaa ukuta mzima. Mlima wote ulikuwamo: mistari ya kontua ionyeshayo miinuko, ya rangi ya kahawia iliyobanana kama makunyanzi ya paji la uso, vijito vya buluu, reli yenye meno, na nyumba za wachimbaji, kila moja kimraba cheusi kisichozidi punje ya ulezi. Kamati ikaamua kwamba kila kimraba kitapewa kibao ukutani chenye jina la familia iliyokaa humo. Kwa nyumba iliyomo kwenye ramani, alitosha shahidi mmoja wa kusema nani alikaa pale. Kwa nyumba isiyokuwamo, alihitajika mtu aliyeiona kwa macho yake ikikaliwa mwaka ule wa ramani. Waliokuwa na akili zao mwaka ule walikuwa wamebaki wanne, na watatu kati yao hawakumbuki hata walikoweka meno yao.

Wa nne ndiye huyu, Bibi Daftari. Alikuwa ameshashuhudia nyumba ishirini na mbili. Katika ukumbi alikuwa na benchi lake upande wa mbele, na akikohoa tu katibu anashika kalamu.

Fundi akaketi, akaichomoa ramani yake kwenye bomba, akaitandaza mezani. Kona moja akaigandamiza kwa kikombe cha chai aliyokaribishwa, nyingine kwa kisanduku cha miwani. Kidole chake, chenye makovu ya moto, kikapanda taratibu hadi Safu ya Juu, ule mstari wa nyumba za mwisho chini ya kilele.

"Hapa wamechora nyumba kumi na moja," alisema. "Ya bibi yangu ilikuwa ya kumi na mbili. Nimeandika kwa kamati mara tatu. Mara tatu wamenijibu, kwa adabu kabisa, kwamba haipo kwenye ramani. Mama yangu alizaliwa humo. Ana miaka sitini na moja na nusu, na tangu akiwa mdogo akisema alizaliwa Safu ya Juu watu wanamwambia acha uongo, nyinyi mlikuwa wavamizi. Bibi alikuwa mjane, mume wake alifia shimoni. Pale watu walikuwa wanamwita sijui nani..."

"Mama wa Mwisho," Bibi Daftari alisema kabla hajauzuia ulimi wake.

Uso wa fundi ukafunguka kama dirisha. "Kumbe unamjua. Basi na huyo binti utamjua. Bibi alikufa akimtaja. Alikuwa anasema, kulikuwa na binti wa jirani aliyekuwa akiniletea moto kila asubuhi, siku yoyote akipatikana huyo, atatushuhudia. Ndiye ninayemtafuta. Pengine amekwisha kufa, sijui. Lakini wewe unakumbuka watu wote."

Chai ikampalia bibi. Alikohoa, akajifuta, akaitazama ramani pale kwenye nafasi nyeupe baada ya kimraba cha kumi na moja, nafasi aliyokuwa amejifunza kutoitazama hata ukumbini, ikiwa imekuzwa ukubwa wa kiganja.

"Sikumbuki binti wa namna hiyo," alisema. "Ni zamani sana, mwanangu."

Fundi hakubishana. Alikunja ramani yake, akairudisha kwenye bomba, kisha akafanya jambo lililomuumiza bibi kuliko kama angetukanwa: alikichukua kikombe alichonywea, akakiosha, akakifuta, akakipanga kabatini mahali pake. "Ahsante kwa chai, bibi. Na samahani kwa usumbufu," akasema, akatoka.

Bibi Daftari akabaki na meza yake. Kuna aibu inayompata mtu mbele za watu, hiyo huja na kelele na kuondoka na kelele. Na kuna ile inayokaa na mtu chumbani peke yake, anakula nayo, analala nayo, na watu wakimsifu inamfinya kiunoni. Hii ya pili ndiyo aliyokuwa amekaa nayo miaka sitini na moja.

Mwaka ule wa ramani alikuwa na miaka kumi. Kuwasha makaa ya mawe asubuhi ya baridi bila kuni kavu ni kazi ya kumliza mtu mzima, na mjane yule, tangu mumewe afe, hakuwa akipewa tena mgao wa makaa. Aliokota vipande kwenye kifusi, vyenye maji na mawe nusu kwa nusu. Alikuwa na mtoto mchanga. Basi mama yake Daftari akawa anampa binti yake kopo lenye kishikio cha waya, limejaa makaa yanayowaka. "Mpelekee Mama wa Mwisho moto, usisimame njiani," na binti anakwenda, mlango kwa mlango hadi mwisho wa safu.

Wiki ile walikuja wapimaji. Waliweka chombo chao cha miguu mitatu kwenye tangi la maji, ng'ambo ya bonde jembamba, wakitazamana na Safu ya Juu. Walikuwa na shida moja. Mlima ulikuwa umesimama wima, na mapaa yote yalikuwa meusi kwa vumbi kama ardhi yenyewe, kiasi kwamba kutoka ng'ambo hukujua lipi ni paa na lipi ni kifusi. Mpimaji mkuu, mtu mpole mwenye penseli mbili masikioni, akaamua kuzihesabu nyumba alfajiri kwa moshi. Moshi mmoja, nyumba moja.

Na alikuwa akiwaruhusu watoto kuchungulia kwenye darubini.

Asubuhi ile binti alitoka na kopo lake, na kwenye njia panda, upande mmoja ulikwenda kwa mjane, upande mwingine kwenye tangi. Akasema moyoni atachungulia mara moja tu, kisha atakwenda. Alikuta foleni, akasubiri, mkono unaanza kuungua, akalificha kopo nyuma ya jiwe. Zamu yake ilipofika aliona ajabu: darubini za wakati ule zilipindua vitu juu chini. Safu yao yote ilikuwa inaning'inia kutoka angani, milango juu, mapaa chini, na moshi wa kila nyumba unamiminika kuelekea bondeni kama maji. Alizihesabu kwa sauti, akitaja kila nyumba ni ya nani na mwenyewe anafanya kazi gani shimoni. Mpimaji alikuwa anaandika mbio mbio.

"Wewe mtoto ni daftari," alisema, na wenzake wote wakacheka na kumpigia makofi, na binti akajiona amekua kimo.

"Na ile ya mwisho?" mpimaji akauliza. "Haitoi moshi. Inakaliwa?"

Moto wa ile nyumba ulikuwa nyuma ya jiwe, unazimika. Angesema inakaliwa, angeulizwa mbona hawajawasha, na watoto wenzake waliokuwa wakimwona kila siku na lile kopo wangejibu kwa niaba yake. Kwa hiyo alisema, haraka, kwa ile sauti ya mtu anayejua kila kitu:

"Ile haina mtu."

Magofu hayakuwa yakichorwa. Msaidizi alipaswa kupanda kuhakikisha, lakini mvua ikafunga njia siku nne, na siku ya tano wapimaji wakahamia mlima mwingine. Watoto walirudi nyumbani wakimwita Daftari. Jina likamganda, hadi leo.

Mwaka uliofuata ramani ilikuja imechapwa, nzuri, na wakubwa wa mgodi wakatafuta humo mahali patupu pa kumwagia kifusi kipya. Wakapaona mwisho wa Safu ya Juu. Mlinzi akapanda na karatasi. Mjane alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, akasema, "Lakini si unaniona? Mimi huyu hapa." Na mlinzi, bila ubaya, akamjibu, "Nakuona, mama. Ila kwenye ramani haupo." Alipewa siku mbili. Alipopita na godoro lake kichwani, Daftari alikuwa dirishani. Mjane akasimama, akaingiza mkono, akamshika kichwa. "Ahsante kwa moto wako, mwanangu," akasema. Hakuwa na habari na lolote. Asubuhi ile moja ya kukosa moto, alidhani binti kaumwa.

Bibi Daftari akainuka mezani. Alitoka na ndala, bila mtandio, akishika ukuta, akazishuka zile ngazi za mawe ambazo daktari alikuwa amemkataza kuzishuka bila mtu. Alimkuta fundi kwenye ngazi ya chini kabisa, anafunga kamba ya kiatu.

"Binti huyo ni mimi," alisema. Kisha, kwa kuwa pumzi zilikuwa chache na akiogopa kwamba akinyamaza hatarudia, akayamwaga yote: kopo, jiwe, darubini, na yale maneno matatu.

Fundi alisikiliza akiwa bado amechuchumaa. Bibi alipomaliza, yeye aliikaza tena ile kamba iliyokwisha kukazwa.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi."

"Mama yangu alikuwa na miezi sita." Akasimama, akajipangusa magoti. "Unajua, nilikuwa nimeandaa cha kumwambia huyo binti. Nilitaka kumshukuru. Sasa sijui nikupe nini."

"Unisamehe, mwanangu."

"Hapana, bibi, hilo usiniombe mimi. Mimi sikulazwa kwenye baridi." Hakulisema kwa ukali, alilisema kama fundi anayekataa kazi isiyo yake. "Nataka kitu kimoja. Jumamosi wanafunga orodha saa sita mchana. Mimi nina zamu, sitaweza kuja, mkubwa wangu amekataa. Simama uwaambie. Si kwa barua, na si nusu. Yote, kama ulivyoniambia, ili mtu yeyote asije akasema tena kwamba bibi yangu alivamia nyumba yake mwenyewe."

"Nitasema."

"Yote?"

"Yote. Kabla ya saa sita."

Fundi akamtazama, kama mtu anayekagua kiungo alichokichomelea mwenzake. Kisha akampa mkono, akampandisha ngazi zote arobaini hadi mlangoni, akaenda zake bila kuongeza neno.

Ijumaa alikuja Msumari, mdogo wake, seremala mstaafu aliyeitwa hivyo kwa sababu akishaingia kwenye jambo hang'oki. Alikuwa na kibao kwapani, cha jina la baba yao, amekipiga randa hadi kinang'aa. Dada mtu akamweleza. Msumari akaketi juu ya kibao cha baba bila kujua.

"Dada," alisema, "hiyo ni sukari au presha? Maana moja kati ya hizo imekupanda."

"Nipo timamu."

"Mtu timamu hafukui choo cha miaka sitini anuse." Akainuka, akakiona kibao, akakifuta kwa mkono wa shati. "Sikiliza. Nyumba ishirini na mbili zimesimama juu ya ulimi wako. Na ya baba imo. Siku utakayosema ulidanganya ramani, watasema, aliyeidanganya ramani amedanganya na ukuta. Watazifuta zote."

"Najua."

"Kwani huyo fundi anataka nini? Kibao. Mpe kibao. Simama kesho useme, jamani, imenijia, ilikuwapo nyumba ya kumi na mbili. Basi. Nani atakuuliza? Wewe ni Daftari, ukisema imekujia, imekuja. Bibi wa watu anaingia ukutani, baba anabaki, na jina lako linabaki. Mbuzi anakula majani na kamba haikatiki."

Lililomtia Bibi Daftari aibu zaidi ni kwamba hilo hilo alikuwa amekwisha kulifikiria, tangu Jumatano jioni, na alikuwa ameliona tamu.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Watu walikuwa wamekuja na picha za harusi, kadi za kazi, taa za shimoni, kila mtu na ushahidi wake mapajani. Katibu, mwalimu kijana mwenye subira, alikuwa chini ya ramani na daftari lake kubwa, akimaliza watu mmoja mmoja. Bibi alikaa kwenye benchi lake la mbele, na kila alipoitazama saa ya ukutani ilikuwa imesogea zaidi ya ilivyopaswa. Saa tano na robo. Saa tano na nusu. Aliinua mkono ilipobaki dakika ishirini.

"Bibi yetu," katibu akasema, na kalamu ikanyanyuka yenyewe.

Alisimama. Akaona nyuso zote zinamgeukia, za watoto na wajukuu wa watu aliowataja kwenye darubini, nyuso zenye imani. Akasikia mdomo wake unasema maneno ya Msumari.

"Imenijia jambo. Safu ya Juu ilikuwa na nyumba ya kumi na mbili. Alikaa mjane na mtoto wake. Tulimwita Mama wa Mwisho."

Ukumbi ukavuma. "Daftari huyo," mtu akasema nyuma, na mwingine akaongeza, "Ramani ina matundu, bibi hana," watu wakacheka, na makofi yakaanza upande wa dirishani yakasambaa. Msumari alikuwa anapiga kwa nguvu kuliko wote, akimwashiria kwa kidevu aketi. Katibu alikuwa ameshaanza kuandika.

Angeketi, ingekuwa imekwisha. Lakini aliyajua makofi yale. Ni yale yale ya kwenye tangi la maji, ya watu wanaomshangilia mtoto anayejua kila kitu. Mjane alikuwa ameibiwa nyumba kwa makofi hayo, na sasa alikuwa anarudishiwa nyumba, na mwenye kupigiwa makofi ni mtu yule yule. Uso ukamwaka moto hadi masikioni. Fundi wakati huo alikuwa ameinama juu ya chuma mahali fulani, mbali, asingejua.

"Sijamaliza," alisema. "Jamani, naomba msinipigie. Haikunijia. Haijawahi kunitoka."

Akasema yote. Sauti yake haikuwa ya shahidi mashuhuri. Ilikuwa nyembamba, inakatika, na alipofika kwenye kopo nyuma ya jiwe ilibidi arudie kwa sababu wa nyuma hawakusikia. Akairudia. Alipofika kwenye "ile haina mtu," ukumbi ulikuwa kimya, kimya kisicho na ukarimu. Akaongeza lile la mkono wa mjane kichwani mwake, ambalo hata fundi hakuwa amemwambia, kwa kuwa Jumatano pumzi zilimwishia kabla.

Aliyeanza kusema alikuwa mwanamume wa safu ya kati. "Sasa sisi tulioandikwa kwa mdomo wake tunakuwaje?"

"Miaka yote tunamwita daftari," mwanamke mmoja akasema, si kwa sauti ya chini sana, "kumbe kurasa zimechanwa."

Katibu aliinua mkono kuwatuliza. Akamgeukia bibi, na macho yake yalikuwa ya huzuni kuliko ya hasira. "Bibi, unajua kanuni. Shahidi aliyekiri uongo hata mara moja, zote alizoshuhudia zinasimamishwa hadi apatikane mwingine. Ishirini na mbili. Na ya wazazi wako."

"Najua, mwanangu."

"Na mwingine wa kushuhudia hatuna."

"Najua."

Msumari aliinuka, akakitia kibao kwapani, akapita kati ya viti akiwaomba watu radhi kwa magoti yao. Hakumtazama. Mlango ukajifunga nyuma yake taratibu.

"Hii ya mjane naipokea," katibu akasema. "Huu si ushahidi wa kumbukumbu, ni wa mtu aliyehusika. Lakini naweza kuandika kifupi tu, kwamba nyumba ilikuwapo na ilisahauliwa na wapimaji. Haya mengine si lazima yabaki kwenye vitabu. Wajukuu zako watasoma."

Alikuwa anamwonea huruma, na ile huruma ilikuwa mlango wa mwisho uliobaki wazi. Bibi Daftari akaitazama saa. Zilibaki dakika nane.

"Wapimaji hawakusahau," alisema. "Andika nilivyosema. Yote."

Katibu akageuza ukurasa, akaanza. Aliandika polepole, herufi za mwalimu, na kila alipofika mwisho wa sentensi alimsomea, na bibi alisimama pale mbele ya watu, ameshika mgongo wa benchi, akasahihisha pale alipolainishwa. Kisha akaichukua kalamu na kutia sahihi, saa sita ikiwa bado dakika moja.